Kutoka Costa Mesa hadi Belle Vue: mwendeshaji wa spidiwe wa Kimarekani ajipange vipi Uingereza

Mwendeshaji aliyekulia California anafika Uingereza na ujuzi ambao wenyeji wengi huutafuta kwa miaka: anajua kugeuza pikipiki mahali padogo. Uwanja wa Costa Mesa, uliopo ndani ya viwanja vya maonyesho vya Orange County na ulioanza kuendesha spidiwe, yaani mbio za pikipiki kwenye uwanja wa udongo wa mviringo, mwaka 1969, haufiki mita 200 kwa mzunguko mmoja. Ukitoka kona hii umeshaingia ile. Sasa linganisha: Belle Vue ya Manchester ni mita 347, Sheffield 361, Poole 299, Edinburgh 260. Karibu kila tatizo litakalompata mgeni, kuanzia meno ya sproketi (gurudumu la meno linalovuta cheni) hadi mahali pa kuweka makalio juu ya siti, limezaliwa na urefu huo. Lililobaki limeletwa na mvua.

Pikipiki yenyewe haibadiliki. Injini ni ya silinda moja, cc 500, inakunywa methanoli, gia ni moja, breki hakuna, na uzito hauruhusiwi kushuka chini ya kilo 77. Waendeshaji wanne huzunguka mara nne kwa kuelekea kushoto. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba unahitaji chombo kipya cha Kiingereza. Unachohitaji ni kukipanga upya ulichonacho, na kujipanga upya wewe.

Kabla ya kupanda ndege

Karatasi kwanza, maana zinachelewa kuliko mzigo. Klabu inayokusajili ndiyo inayokudhamini, na chombo kinachosimamia mchezo hutoa barua ya kukuidhinisha. Bila hivyo viwili hakuna visa ya mwanamichezo. Anza mapema wakati wa baridi, kwa sababu msimu hufunguliwa Machi na kufungwa Oktoba, na klabu haitakaa mwezi mzima na nafasi yako tupu. Leseni ya udereva ya Marekani inakuruhusu kuendesha gari Uingereza kwa miezi 12. Itumie vizuri, kwani maisha yako yatakuwa ndani ya gari la mizigo: kutoka Poole hadi Glasgow ni karibu kilomita 700, na barabarani ni upande wa kushoto.

Fremu iache nyumbani. Ni kubwa, kuisafirisha ni ghali, na Uingereza fremu nzuri zilizotumika hazikosekani. Beba vitu ambavyo mwili wako umeshavizoea: usukani wenye mkunjo wako, klachi unayoijua, buti, na kiatu cha chuma cha mguu unaoburuzwa kwenye kona, kilichopigwa kufuata buti hilohilo la kushoto. Kiatu kinachocheza hata kidogo hunasa kwenye mfereji wa udongo mzito na kuuvuta mguu nyuma, na goti ndilo linalolipa. Ukituma injini kwa ndege, itoe mafuta yote, suuza kabureta na uiache wazi ikauke; mzigo unaonuka methanoli hukwama. Chaja na vifaa vya umeme vya Marekani vimetengenezwa kwa volti 120, na Uingereza soketi inatoa 230. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka, la sivyo utanunua chaja mpya siku ya kwanza.

Andaa bajeti ya pikipiki mbili kamili. Klabu hulipa kwa pointi, na gharama za injini, matairi na fundi ni zako. Pikipiki ikizima ukiwa mbioni umepoteza pesa mara mbili.

Hesabu ya gia

Hapa ndipo wengi wanapokosea wiki ya kwanza. Uwiano wa jumla hupatikana hivi: gawanya meno ya sproketi ya klachi kwa meno ya sproketi ya injini, kisha gawanya meno ya sproketi ya gurudumu la nyuma kwa meno ya ile ya shafti ya kati (iliyo kati ya klachi na gurudumu hilo), halafu zidisha majibu hayo mawili.

Tuseme injini ina meno 16, klachi 44, shafti ya kati 18 na nyuma 62. 44 kwa 16 ni 2.75, 62 kwa 18 ni 3.44, jumla ni 9.47. Gia ya namna hiyo ni fupi, inaruka haraka kutoka kwenye kona, na kwenye uwanja mdogo inapendeza. Ipeleke Sheffield: katikati ya sehemu iliyonyooka injini itakuwa inapiga kelele tu bila kuongeza mwendo, na mwenye gia ndefu atakupita bila jasho. Shusha nyuma hadi 58 unapata 8.86. Weka 57 unapata 8.71.

Angalia hatua zenyewe. Jino moja la nyuma linasogeza uwiano kwa takriban 0.15. Jino moja la shafti ya kati, kutoka 18 hadi 17 huku nyuma ikiwa 58, linakurusha kutoka 8.86 hadi 9.38. Ndiyo maana marekebisho ya usiku wa mbio hufanywa nyuma, na shafti ya kati huguswa pale tu unapohama aina ya uwanja. Beba sproketi za nyuma kuanzia 54 hadi 62 bila kuruka namba, na vipande vya cheni vya urefu tofauti tofauti.

Namba hizo ni za kuelewea hesabu. Ya kuanzia nayo muulize mwenzako wa timu mwenye injini ya mtengenezaji uleule, kwa sababu injini mbili zenye cc sawa huweza kutofautiana jino moja au mawili. Kisha tumia masikio. Injini ikifika kikomo kabla ya katikati ya sehemu iliyonyooka, punguza meno nyuma. Ikigugumia kutoka kwenye kona na wenzako wakikuacha mita mbili hapohapo, ongeza. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha gia, jeti ya kabureta na tairi kwa pamoja hawezi kujua ni kipi kilichomsaidia.

Udongo, maji na boza

Viwanja vya Uingereza hutandikwa mwamba laini uliosagwa, mara nyingi mwekundu, au vumbi la mawe magumu, na mvua huvibadilisha kutoka saa hadi saa. Kila baada ya mbio chache trekta hupita kuusawazisha na boza hunyunyizia maji. Mbio inayofuata mara baada ya boza ni uwanja mwingine kabisa: ndani panateleza, nje kuna udongo mzito unaoshika. Mgeni hutazama saa. Mwenyeji hutazama boza. Kabla ya kila mbio yako tembea hadi ukingoni uone maji yamemwagwa wapi na tuta la udongo limesogea umbali gani kutoka kwenye uzio.

Uwanja unaposhika, pikipiki inataka kunyanyua gurudumu la mbele. Sogea mbele, kifua juu ya usukani. Uwanja unapoteleza, rudi nyuma kidogo, ongeza uzito kwenye kikanyagio cha kulia, na fungua mafuta taratibu. Tairi linalozunguka bure ni nguvu iliyotupwa. Baadhi ya mafundi huchelewesha kidogo muda wa cheche ili kulainisha injini kwenye uwanja mtelezi. Inasaidia, lakini mgeni aiguse baada ya kuijua gia, si kabla.

Tairi la nyuma hutegemea makali ya vibonge vyake. Pikipiki inaserereka upande mmoja tu, hivyo makali ya upande mmoja huisha kwanza. Lifungue tairi, ligeuze kwenye rimu, na utapata makali mengine. Kwenye udongo mzito uliolowa hata tairi lililochoka kidogo linaweza kukufikisha. Kwenye uwanja mkavu ulioganda, makali ndiyo kila kitu.

Lango na klachi

Uingereza unapewa dakika 2 tangu taa ya muda iwashwe. Uwe umeshafika langoni, yaani mahali pa kuanzia mbio. Ukigusa utepe wa kuanzishia mbio kabla haujapanda, klabu yako ina njia mbili: kukuondoa na kumweka wa akiba, au kukurudisha mita 15 nyuma ya wenzako. Aliyezoea mbio za kupeana mita za California, ambako mwenye uwezo zaidi huanzia nyuma, haogopi kuanzia nyuma, ila huko aliwapitia wapinzani wenye uwezo mdogo kuliko wake. Hapa watatu walio mbele yako ni wa daraja lako.

Tumia dakika hizo kutengeneza njia ya gurudumu la nyuma. Sukuma udongo uliolegea kando kwa mguu hadi uguse sehemu ngumu, kisha rudisha unyevu kidogo na ukanyage. Kosa la kawaida la Mmarekani ni kuachia klachi yote kwa mkupuo mmoja, kama alivyozoea kwenye lango kavu na gumu la nyumbani. Kwenye lango lililolowa tairi huzunguka hapohapo, au linashika ghafla na mbele inapanda juu. Achia nusu ya kwanza haraka, nusu ya pili ifuate pikipiki. Sahani za klachi zikifanya weusi unaong'aa kama kioo, zisugue kwa msasa au ubadilishe. Klachi iliyoungua inavuta vizuri mbio moja na kukusaliti inayofuata.

Kabla ya kupanda vuta mara moja kamba ya kuzimia injini iliyofungwa mkononi. Hiyo ndiyo inayokata moto ukianguka, na kwenye baridi plastiki yake hukakamaa.

Kona ndefu

California humfundisha mtu kuingia ndani sana, kufunga mafuta, kuigeuza pikipiki kwa nguvu kisha kuifyatua. Kwenye mita 347 mtindo huo unaua mwendo mara mbili kila mzunguko, na mwendo ukishakufa gia ndefu haiufufui haraka. Jizoeze hivi kwenye siku ya mazoezi: ingia kwa upana, anza kuserereka mapema kuliko moyo unavyokuambia, punguza mafuta badala ya kuyafunga, na inyooshe pikipiki kabla kona haijaisha. Lengo ni gurudumu la nyuma kusukuma mbele unapotoka, wala si kurusha udongo kwa watazamaji. Ukiona mchanga mwingi unaruka nyuma yako na bado unaachwa, umezidisha pembe.

Hatari yenyewe iko kwenye udongo wa nje. Tairi lililokuwa likiserereka hukutana na udongo mzito, linashika, pikipiki inasimama wima na kuelekea moja kwa moja kwenye uzio. Silika ya kwanza ni kufunga mafuta. Usifunge kwa ghafla: gurudumu likiacha kuzunguka linashika zaidi na unakwenda moja kwa moja. Weka mafuta palepale, sukuma uzito mbele ili nyuma ilegee tena. Nafasi ikiisha, ilaze pikipiki chini mapema. Viwanja vingi vimewekewa uzio laini uliojazwa hewa kwenye kona, lakini uzio huo haumlindi aliyemfuata mwenzake na kumgonga.

Ujuzi wa nyumbani usiutupe. Edinburgh au Redcar, ambako kona ni za kubana, ule mgeuko mkali wa Costa Mesa utakupa pointi ambazo mwenyeji aliyezoea viwanja vikubwa hazioni. Bruce Penhall alikuja klabu ya Cradley Heath 1978 na kuwa bingwa wa dunia 1981 Wembley. Greg Hancock alifika klabu hiyohiyo 1989 na kutwaa ubingwa wa dunia mara nne. Wote walikuwa watoto wa viwanja vidogo vya California.

Mbio za watu wawili

Nyumbani unapanda kwa ajili yako. Ligi ya Uingereza ni wawili kwa wawili: wenyeji huvaa kofia nyekundu na bluu, wageni nyeupe na njano. Wa kwanza anapata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1. Wewe ukiwa wa kwanza na mwenzako wa pili, timu inapata 5 dhidi ya 1; ukimbana mwenzako na mpinzani akapenya kati yenu, zinabaki 4 dhidi ya 2. Ukiongoza, tazama ndani ya kona mwenzako yuko wapi, kisha chukua njia ambayo hana. Kubalianeni sehemu ya mafundi nani anakwenda ndani na nani nje kwenye kona ya kwanza. Mmarekani anayesahau hili hupendwa na mashabiki na kununiwa na wenzake.

Baada ya mbio, usiku uleule

Methanoli hunyonya unyevu kutoka hewani, na hewa ya Uingereza inao wa kutosha. Ikilala kwenye kabureta huacha unga mweupe unaoziba jeti na kula alumini. Toa methanoli yote kwenye tangi, fungua bakuli la kabureta, kisha washa injini kidogo kwa petroli ili kuisafisha njia. Udongo mwekundu uliolowa ukikauka kwenye cheni unakuwa msasa, kwa hiyo osha kabla hujalala, kausha cheni, ipake mafuta, zungusha beringi za magurudumu kwa mkono usikilize kama zinakwaruza. Andika kwenye daftari idadi ya mbio ambazo injini imekimbia, kwa sababu muda wake wa kufunguliwa huhesabiwa kwa mbio, wala si kwa wiki. Mstari wa pili wa daftari ni wa uwanja: meno uliyoanza nayo, uliyomaliza nayo, lango lililolipa, mvua ilinyesha saa ngapi. Utarudi hapo tena kabla msimu haujaisha, pengine baada ya wiki tatu tu, na usiku huo utakuwa mkavu.