Kupeleka vitunguu na viazi Komoro kupitia bandari ya Mtwara

Mtwara hadi Moroni, mji mkuu wa Komoro, ni kama kilomita 370 za bahari, na ukaribu huo ndio unaoponza watu. Wengi huulizia kwanza bei ya Moroni. Cha kuulizia kwanza ni kilo ngapi zitafika nzima, kwa sababu faida ya mzigo huu haipotelei sokoni, inapotelea njiani.

Maelezo haya yanamhusu mwenye tani 5 hadi 20 za vitunguu maji au viazi mviringo. Nazi, ndizi, muhogo na karafuu usihangaike nazo, Wakomoro wanalima wenyewe. Mchele pia acha: uagizaji wake kwa sehemu kubwa umo mikononi mwa shirika lao la umma. Ng'ombe nao wana masharti yao mazito, na si bure. Mlipuko wa ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, uliopiga Ngazija (kisiwa ilipo Moroni) miaka ya 2003 na 2004 ulihusishwa na ng'ombe walioingizwa kutoka Tanzania.

Kabla hujanunua hata gunia moja, mnunuzi wako aombe kibali cha kuingiza mazao upande wake na akutumie nakala. Masharti yaliyoandikwa humo ndiyo mkaguzi wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) atakayoyafuata kabla ya kukupa cheti cha afya ya mimea. Ukinunua kwanza na kuomba baadaye, mzigo unakaa ghalani ukichipua huku unasubiri karatasi. Cheti cha uasilia, kinachoonyesha mzigo umetoka nchi gani, kinatolewa na TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima. Zilizobaki (ankara, orodha ya vifurushi, tamko la forodha, hati ya shehena) zishughulikiwe na wakala wa forodha mwenye leseni. Ankara iwe na nakala ya Kifaransa, maana ndiyo lugha ya makaratasi ya forodha kule. Uzito na idadi ya mifuko vilingane kwenye kila karatasi. Tofauti ya mifuko mitatu tu inatosha kuuzuia mzigo mzima.

Dalali akikwambia utapata nafuu ya ushuru ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), mpuuze: Komoro wamo, Tanzania ilijitoa mwaka 2000. Nchi zote mbili zimo SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, lakini usipige hesabu ya msamaha wowote mpaka wakala wa mnunuzi kule Moroni akuandikie kiwango watakachotoza.

Sasa mzigo wenyewe. Viazi vya Njombe vinakuja kwa lami kupitia Songea, Tunduru na Masasi, karibu kilomita 900, kwa hiyo vinafika Mtwara vimeshachoka kabla havijaiona bahari. Vipakiwe vikiwa vimekomaa, ganda likisuguliwa kwa kidole lisitoke. Usivioshe. Maji yanaingia kwenye michubuko na uozo unaanza. Udongo uondoe kwa kufuta vikiwa vikavu, na uondoe kweli, kwa sababu udongo ni sababu rahisi kabisa ya mkaguzi kukataa shehena. Vifunikwe visipigwe na mwanga. Kiazi kilichogeuka kijani kina sumu na hakiuziki.

Vitunguu vinavumilia zaidi, ila vikaushwe sawasawa. Vinang'olewa majani mengi yakishalala, vinatandazwa kivulini penye upepo siku 7 hadi 14, kisha shingo inakatwa ikibaki sentimita 2 au 3. Bana shingo kwa vidole: ikiwa bado laini au ina unyevu, hicho hakisafiri. Mkulima mwenye haraka ya pesa atakuuzia vya siku 3, na uzito utakaolipia ni maji. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, usiipokee. Mbali na kuwa imekatazwa, vitunguu vya chini vinapondeka na hujui umenunua kilo ngapi. Pima kwa mizani, hamishia kwenye mifuko ya wavu ya kilo 25.

Kwa nini 25? Bandari ya Mtwara ina kina, lakini ya Moroni ni ya maji mafupi, na meli kubwa kidogo hushusha mzigo kwenye matishari (vyombo bapa vya kubebea shehena) kabla ya kufika gatini. Kila mfuko unashikwa mara nyingi, na mfuko mzito hutupwa badala ya kubebwa. Chomboni, weka mbao chini ya mifuko, acha njia za hewa, na turubai lisilazwe juu ya mzigo: linatoa jasho usiku. Vitunguu na viazi visikae pamoja. Kiazi kinatoa unyevu, kitunguu kinaunywa.

Majira ndiyo mtihani. Mahitaji hupanda Julai na Agosti, Wakomoro wa Ufaransa wanaporudi kwa harusi kubwa, na huo ni wakati wa upepo wa kusi. Chombo cha kwenda Moroni kinaelekea upande upepo unakotoka, safari inarefuka. Yanapanda tena kabla ya Ramadhani, ambayo miaka hii inaangukia Februari na Machi, ndani ya msimu wa vimbunga. Kimbunga Kenneth, Aprili 2019, kilipita Ngazija kwanza kabla ya kuipiga Msumbiji. Kwa hiyo mzigo wa Ramadhani uwe wa vitunguu, uondoke mapema, na utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) usomwe kila siku. Kumbuka pia kuwa Oktoba hadi Januari malori na maghala ya Mtwara yanahudumia korosho. Agiza usafiri kabla minada ya korosho haijapamba moto.

Hesabu ifanywe kwa kilo zitakazouzika. Tuseme kilo 5,000 zimekugharimu shilingi 2,000 kila moja hadi Moroni, yaani milioni 10. Asilimia 12 ikiharibika, zinabaki kilo 4,400, na kila moja lazima irudishe shilingi 2,273 ndipo uanze kuhesabu faida. Faranga ya Komoro imefungwa kwenye euro, 491.97 kwa euro moja, kwa hiyo fuatilia bei ya euro. Kama euro ni shilingi 2,900, faranga moja ni kama shilingi 5.9, na bei ya kutopata hasara ni takriban faranga 386 kwa kilo.

Kukopesha, hapana. Dai angalau nusu kabla ya kupakia, na kwenye mkataba andika kuwa uzito unaolipiwa ni wa mizani ya Mtwara, mbele ya mtu wa mnunuzi. Mkikubaliana uzito wa Moroni, basi kila siku chombo kinaposubiri zamu ya kushusha, kinachonyauka ni chako.