Jinsi ya Kuzuia Panya Wasiingie Kwenye Gari Linalolala Nje

Wiki mbili zilizopita jirani yangu aliniita nikaangalie gari lake. Linalala nje chini ya mti, na kwa siku chache lilikuwa halijatembea. Injini ilikuwa inamisi, taa ya injini imewaka kwenye dashibodi, na ukiwasha feni kabini lote linanuka mkojo. Nilijua ni panya hata kabla ya kufungua boneti, maana gari langu lilipitia hayo hayo na lilinilia wikendi nne kabla sijapata tundu walilokuwa wakilitumia. La jirani tulilimaliza kwa siku moja. Hivi ndivyo tulivyofanya.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kinachomzuia panya ni wavu wa chuma uliokaa vizuri kwenye tundu. Mengine yote ni visaidizi.

Vitu vya kuwa navyo

Glavu, barakoa, dawa ya klorini na chupa ya kupulizia, tochi kali, bisibisi na spana, mkasi wa kukatia bati, poda ya watoto, mitego ya springi, na wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 6. Wavu uwe umepakwa zinki au uwe wa chuma kisichoshika kutu. Usikubali uliozidi milimita 6 hata kama muuzaji anasema unatosha. Nitaeleza kwa nini.

Hatua ya 1: Usiwashe gari kwanza

Fungua boneti, ng'oa mfuniko wa plastiki juu ya injini, mulika. Panya hupenda kujenga hapo kwa sababu joto hubaki muda mrefu baada ya kuzima. Kiota ni nyasi kavu, karatasi na sufi ya boneti, na kikikaa karibu na ekzosi kinaweza kushika moto. Angalia pia mipira ya mafuta. Ukisikia harufu ya petroli, ishia hapo na umwite fundi. Kama gari ni la umeme au haibridi, kebo nene za rangi ya chungwa usiziguse kabisa, hata kama zinaonekana nzima.

Hatua ya 2: Safisha, lakini usifagie

Kinyesi na mkojo wa panya vinaweza kuwa na virusi vya hanta au vimelea vya leptospirosisi, homa ya mgunda. Ukifagia au kupuliza kwa upepo wa kompresa, unavirusha hewani na kuvivuta. Changanya sehemu moja ya klorini na sehemu tisa za maji, lowesha kiota na kinyesi, subiri dakika 5, kisha okota kwa karatasi na ufunge kwenye mfuko. Kwenye soketi za waya usipulizie, maana klorini hula madini. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu.

Hatua hii isirukwe. Panya hufuata harufu ya mkojo wa wenzake, kwa hiyo gari ambalo halijasafishwa linaendelea kuwaita wapya hata ukiwamaliza wa kwanza.

Hatua ya 3: Jua ni panya gani na anapita wapi

Kinyesi cha panya mdogo wa nyumbani kina urefu wa milimita 3 hadi 6. Cha panya mkubwa hufika 12 hadi 18. Panya mdogo hupenya tundu linaloingiza penseli, na ndiye anayewashinda wengi. Nyunyiza poda ya watoto jioni: juu ya matairi, kwenye kona za injini, chini ya kioo cha mbele, ndani ya buti. Asubuhi utaona nyayo na mstari wa mkia. Fanya hivyo usiku mbili au tatu mfululizo, usitosheke na mmoja.

Hatua ya 4: Ziba njia ya hewa ya kabini

Hapa ndipo wikendi zangu zilipoishia, na ndipo nitakapokaa.

Ukitazama chini ya kioo cha mbele, pale mikono ya waipa inapoanzia, kuna mfuniko mrefu wa plastiki wenye matundu. Chini yake kuna bonde linalopokea maji ya mvua, na ndani ya bonde kuna mdomo unaovuta hewa kuelekea kwenye filta ya kabini na feni. Panya anapanda tairi, anapita juu ya injini, anaingia kwenye bonde, anashuka kwenye mdomo ule, na anakuta chumba kikavu chenye karatasi laini ya filta. Ni nyumba iliyokamilika. Mimi nilihangaika na matundu ya chini ya gari mwezi mzima ilhali wao walikuwa wakiingilia juu.

Anza na filta. Kwenye magari mengi iko nyuma ya kabati la dashibodi upande wa abiria. Ukikuta imetafunwa au ina mbegu na nyasi, itupe, uweke mpya. Usiioshe. Mulika pia feni iliyo chini au pembeni yake. Kama inanguruma ikizunguka, kuna kitu kimeangukia ndani, na lazima ishushwe.

Kisha ng'oa waipa. Weka alama ya utepe kwenye kioo mahali kila waipa inapolala, la sivyo utazirudisha zikiwa zimepinda. Ufunguo wa gari uwe mfukoni mwako, waipa zisije zikawashwa ukiwa kazini. Ukishafungua nati, mkono wa waipa mara nyingi hung'ang'ania. Utikise kwa mkono huku na huku hadi uachie. Usiubinue kwa bisibisi ukiegemea kioo, kitapasuka. Klipu za mfuniko wa plastiki huvunjika kwa urahisi kwenye gari kuukuu, hivyo nunua chache za akiba kabla ya kuanza.

Mdomo ukionekana, pima na ukate wavu uliozidi sentimita 2 kila upande. Kunja kingo kuelekea ndani ili usikukate vidole na ili upate nguvu ya kujibana. Ufunge kwa skrubu fupi zisizoshika kutu kwenye plastiki, au kwa gundi ya silikoni kuzunguka pembeni. Usitoboe bati la bodi: kila tundu jipya ni mwanzo wa kutu.

Sasa makosa niliyoyafanya, uyaepuke.

Nilianza na povu la kujazia nyufa. Walilitafuna usiku uleule na kulitumia kujengea kiota. Nikaweka wavu wa plastiki wa dirishani, ukadumu siku nne. Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua, naye hutafuna daima kuyapunguza, kwa hiyo plastiki, mpira na povu si vizuizi kwake. Nikahamia kwenye wavu wa chuma, lakini wa milimita 12. Huo humzuia panya mkubwa, ila mdogo anapita kama hakuna kitu. Nikakuta kiota kipya nyuma ya wavu wangu mwenyewe.

Kosa la mwisho ndilo lililoniuma zaidi. Kwenye kona za lile bonde kuna matundu ya kutolea maji ya mvua. Nikaona nayo ni njia ya panya, nikayaziba kwa matambara. Mvua ilipokuja, maji yalijaa bondeni, yakafurika kupitia mdomo wa hewa hadi chini ya zulia la abiria, na soketi za waya zilizo pale sakafuni zikaanza kuota kutu. Matundu ya maji hayazibwi. Kama yana nafasi ya panya kupita, yafunike kwa wavu uleule, na kila baada ya wiki chache ondoa majani yanayonasa juu yake.

Kabla ya kurudisha mfuniko, washa waipa bila mikono yake uone vyuma vinavyozizungusha havigusi wavu popote. Kisha mwaga kikombe cha maji bondeni. Yakitoka chini karibu na tairi bila kuchelewa, umemaliza.

Jambo moja zaidi ambalo halina gharama: kabla ya kuzima gari, bonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Kwenye magari mengi mlango mdogo unaotenganisha kabini na nje hufunga na kubaki hivyo. Panya anaweza kuutafuna, kwa hiyo haubadilishi kazi ya wavu, lakini ni kizuizi cha pili.

Hatua ya 5: Matundu mengine

Mdomo wa hewa ya injini, kabla ya filta: wavu uleule, ufungwe imara sana, maana kipande kikilegea kinavutwa ndani. Matundu ya kupumulia yaliyo nyuma ya bampa: ukiweka wavu, hakikisha vijilango vyake vya mpira bado vinafunguka. Mpira unaopitisha waya kutoka injini kwenda kabini: kama umetafunwa, badilisha.

Hatua ya 6: Waya

Waya uliotafunwa ukatwe hadi sehemu nzima, uungwe kwa risasi ya kulehemu na ufunikwe kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Utepe peke yake hautoshi, unyevu utaingia. Waya za mifuko ya hewa, ile inayofumuka gari likigonga, mwachie fundi umeme aliyefunzwa kazi hiyo. Kwa waya zilizo nzima lakini wazi, napendelea utepe wenye pilipili. Honda wanauuza kwa kazi hii hii. Unasaidia pale ulipozungushiwa tu, si mita moja kando.

Hatua ya 7: Mitego, na kwa nini si sumu

Sumu nyingi za panya huua baada ya siku kadhaa, na mnyama aliyekwisha dhoofika hujificha mahali pa joto, yaani ndani ya gari lako. Harufu ya mzoga kwenye mifereji ya hewa ni vigumu kuiondoa bila kushusha dashibodi. Bundi au paka akimla, naye huumia. Mimi situmii kabisa.

Tega mitego ya springi kando ya ukuta au ukingo, upande wenye chambo uelekee ukuta, kwa sababu panya hutembea akigusa kitu pembeni. Siagi ya karanga kidogo, ukubwa wa punje ya dengu. Mitego iwe ardhini kuzunguka gari, ndani ya boksi lenye matundu ili paka na watoto wasiifikie. Ukiweka mmoja juu ya injini, andika karatasi ubandike kwenye usukani ili usiwashe ukiwa bado pale.

Usitumie pesa kwa haya

Vifaa vya milio isiyosikika na binadamu: panya huizoea. Mwaka 2001 Tume ya Biashara ya Marekani iliwaandikia watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vifaa hivyo, ikiwaonya kuhusu madai yasiyo na ushahidi wa kisayansi. Mafuta ya mnanaa hukauka ndani ya siku chache. Naftalini nje hupeperuka bila kufanya kitu, na kabini inakuumiza wewe unayeendesha.

Mahali pa kuegesha

Mbali na nyasi ndefu, rundo la kuni, taka na chakula cha mifugo. Usiache chakula garini. Litembeze hata kama huna safari, maana gari lililosimama kwa wiki ndilo wanalolichagua.

Endelea kunyunyiza poda mara moja kwa wiki kwa miezi miwili. Na siku utakapolipeleka gari kubadilishiwa filta au waipa, mwambie fundi kwamba kuna wavu na kwa nini upo, kisha ukague mwenyewe kabla ya kuondoka. Wa jirani yangu tayari ulishatolewa mara moja na kuachwa juu ya betri.