Kushusha Kolesteroli ya Mbwa na Paka: Virutubisho vya Asili au Dawa?

Kabla ya kuchagua kati ya dawa na kirutubisho, hakikisha kwanza kipimo chenyewe. Mnyama aliyekomaa afungishwe chakula kwa saa 12, maji aachiwe, ndipo atolewe damu, na trigliseridi, yaani aina nyingine ya mafuta ya kwenye damu, zipimwe pamoja na kolesteroli. Mbwa na paka ni nadra kuziba mishipa ya moyo kama binadamu. Hatari iliyo karibu zaidi kwao ni trigliseridi nyingi mno, ambazo kwa mbwa huhusishwa na uvimbe wa kongosho.

Matokeo yakibaki juu, mwombe daktari wa mifugo atafute chanzo. Mara nyingi kolesteroli hupandishwa na ugonjwa mwingine, kama vile kisukari, maradhi ya figo au, kwa mbwa, udhaifu wa tezi ya thairoidi, na ugonjwa huo ukidhibitiwa kwa kawaida kolesteroli nayo hushuka. Chanzo kisipopatikana, anza na chakula chenye mafuta kidogo, ukomeshe mabaki ya mezani, kisha urudie kipimo baada ya wiki kadhaa.

Kati ya virutubisho, mafuta ya samaki yenye omega-3 ndiyo ninayoona yanastahili kujaribiwa, ingawa hupunguza trigliseridi zaidi kuliko kolesteroli, na yakizidi huharisha na kuathiri kuganda kwa damu. Usiyabadilishe kwa mafuta ya ini la samaki, kwa sababu hayo yana vitamini A na D ambazo hujilimbikiza mwilini. Kitunguu saumu, kinachosifiwa sana kwa binadamu, huharibu seli nyekundu za damu za mbwa na hasa za paka. Mchele mwekundu uliochachushwa nao huitwa wa asili, ilhali kiungo chake kikuu, monakolini K, ni lovastatini ile ile inayouzwa kama dawa, isipokuwa kiasi chake hutofautiana kati ya bidhaa na bidhaa.

Dawa hufuata pale lishe inaposhindwa: fibreti kama jemfibrozili kwa trigliseridi, na statini (kundi la dawa ambamo lovastatini imo), kwa nadra, kwa kolesteroli. Zote huweza kudhuru ini na misuli, hivyo vimeng'enya vya ini hupimwa kabla na wakati wa matibabu. Mweleze daktari kila kirutubisho ambacho mnyama anapewa, ikiwezekana kwa kumpelekea chupa yenye lebo, na usimgawie vidonge ulivyoandikiwa wewe.