Kupima sukari bila kutoboa ncha ya kidole

Kina mama wanaopara samaki soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, wakifika kliniki hunionyesha vidole kabla ya daftari. Miiba ya sangara na chumvi ya dagaa vimeshavichubua, na bado wanatakiwa kuvitoboa. Wengi hupona wakihamia pembeni mwa kidole na kubadilisha vidole kila siku. Kama hilo halitoshi, fuata haya.

1. Soma karatasi ya maelezo ya mashine yako ya kupimia sukari. Si mashine zote zinazokubali damu ya mahali pengine. Karatasi ikipotea, uliza kliniki.

2. Chagua mahali. Mimi huanza na kiganja: ile nyama chini ya kidole gumba. Damu yake huenda kasi karibu sawa na ya kidole, hivyo majibu hayapishani sana. Mkono kati ya kiwiko na kifundo, paja au shavu la mguu hauumi hata kama kiganja, yaani karibu usisikie kitu, ila damu yake ni ya polepole. Sukari ikipanda au kushuka haraka, majibu ya huko yanaweza kuchelewa dakika 20 hadi 30. Kwa hiyo mkono ni wa asubuhi kabla ya chai, au kabla ya mlo mwingine.

3. Osha kwa sabuni, kausha kabisa. Maji ya embe kwenye ngozi yanatosha kukupa namba ya kutisha.

4. Sugua mpaka ngozi ipate joto. Ukiruka hatua hii mkononi, damu haitatoka ya kutosha.

5. Toboa. Weka kile kifuniko kinachoonyesha ndani kwenye kalamu ya kutobolea, ongeza kina, kwepa mshipa, nywele na mfupa. Gandamiza, uache kalamu hapo sekunde chache mpaka tone likue. Damu ikitawanyika, futa uanze upya.

Sasa sikiliza vizuri. Kidole hakina mbadala ukitetemeka, ukitoka jasho au ukiona njaa ya ghafla, ndani ya saa mbili baada ya kula, baada ya insulini ya haraka, baada ya kuvuta nyavu au kubeba makreti, ukiwa mgonjwa, au kabla ya kuendesha bodaboda. Mkono unaweza kusoma 5.5 wakati kidole kimeshuka chini ya 4.0 mmol/L. Kidole kikisoma chini ya 4.0, kunywa sukari gramu 15, kama vijiko vinne vya chai kwenye maji, na upime tena kidoleni baada ya dakika 15. Anayeshuka sukari bila kusikia dalili asitumie mkono kabisa.

Siku ya kwanza pima kidole na mkono kwa pamoja kabla hujala. Namba zikipishana sana, achana na mkono, uje nazo kliniki tuangalie. Na kwenye daftari, kando ya kila namba, andika ulikopima. Daktari akiona 6 ya mkono akaidhani ya kidole, anaweza kukupangia dozi isiyo yako.