Namna ya kutazama katuni fupi za zamani za Uingereza

Usianze kwa kutafuta kisa. Anza na A Colour Box ya Len Lye, ya mwaka 1935, ambayo haifiki dakika tano. Lye hakutumia kamera: alipaka rangi juu ya ukanda wenyewe wa filamu. Ilitolewa na kitengo cha filamu cha Posta ya Uingereza, na ndiyo maana mwishoni yanajitokeza maneno ya kutangaza nafuu ya kutuma vifurushi.

Mara ya kwanza fuata muziki tu, ule wa Kikuba, na usijiulize maana. Mara ya pili isimamishe popote. Sekunde moja ina fremu 24, yaani picha moja moja zilizotulia, kwa hiyo sogeza moja moja. Mstari uliodhani ni mmoja, unaocheza, utaukuta umebadilika kila fremu, hapa mnene, pale mwembamba, rangi ikiwa imekolea upande mmoja. Mtetemo wote ule unatoka hapo. Mimi naweza kukaa kwenye sekunde mbili za namna hiyo muda mrefu kuliko filamu nzima, na sioni kama ni muda uliopotea. Ila tafuta nakala safi, maana iliyofifia hufuta alama za brashi. BFI, taasisi ya filamu ya Uingereza, ilitoa nzuri kwenye diski.

Kisha nenda Kent. Oliver Postgate na Peter Firmin, watengenezaji wa filamu za vikaragosi za watoto, walifanyia kazi zao kwenye zizi kuukuu la ng'ombe, shambani kwa Firmin, karibu na Canterbury. Chagua kipindi chochote cha Clangers, kilichoanza BBC mwaka 1969. Clangers ni viumbe wa waridi, vikaragosi alivyofuma Joan, mke wa Firmin, kwa sindano na uzi. Wanasema kwa miluzi, lakini Postgate aliwaandikia maneno kamili kwanza, ndipo filimbi zikayafuata. Fumba macho kidogo usikilize: swali linapanda, karipio la mama linashuka na kukatika. Watoto hulinasa hili haraka sana, basi watazame nao kama wapo.

Bagpuss ya 1974, nayo ya Postgate na Firmin, inahusu paka wa kitambaa na ina vipindi 13 tu, kwa hiyo usivimalize kwa mkupuo. Subiri pale paka anapoamka na picha ya kahawia kugeuka rangi kamili.

Katuni za John Halas na Joy Batchelor, walioanza studio yao 1940, zimechorwa kwa unadhifu zaidi na mkono wa mchoraji hauonekani upesi. Zifuate baadaye, jicho likishazoea.