Jinsi ya kuwaonyesha wenzako msimu wa pili wa Buffy the Vampire Slayer, Mbeya

Mgeni wa tamthilia hii ya Kimarekani, ya msichana Buffy anayewinda vampaya (wafu wanyonya damu), asianzie msimu wa pili. Mwonyeshe kwanza sehemu ya 1, 2, 7 na 12 za msimu wa kwanza. Zinatosha kuwajua Buffy na mpenzi wake Angel, vampaya mwenye roho.

Msimu wa pili una sehemu 22, kila moja kama dakika 44. Wekeni nne kwa jioni. Kwa baridi ya Julai hapa Mbeya, masaa matatu na chai ya tangawizi hayachoshi. Ila ya 13 na 14 msizitenganishe kamwe. Hapo Angel anapoteza roho, mpenzi anageuka adui, na watazamaji wananogewa kabisa. Aliyekosa ya 13 ataona ukatili tu, uchungu wa Buffy utampita. Jioni ya mwisho zibaki 21 na 22, kisa kimoja. Laptopu ichajiwe mapema, umeme usiwakatie katikati.