Bibi haoni tena? Namna ya kumfikisha kwenye operesheni ya mtoto wa jicho (Moshi na vijijini)

Mtoto wa jicho ni lenzi ya ndani ya jicho imeingia ukungu, basi, inatolewa inawekwa ya bandia, anachomwa ganzi ya jicho tu na mara nyingi nusu saa haifiki. Kazi kubwa iko nyumbani kwenu, kumtoa bibi kwenye kigoda chake mpaka apande gari.

Anza kumwangalia. Mkalishe mlangoni penye mwanga uone mboni, kama ni nyeupe au kijivu inawezekana ndo yenyewe. Mulika tochi ya simu kwa pembeni umuulize mwanga unatokea wapi, akionesha upande ni dalili nzuri. Asipoona hata mwanga mpeleke vilevile ila usimuahidi kitu, maana inaweza kuwa presha ya macho na hiyo ikishaua uoni haurudi. Jicho jekundu linalouma sana ni la leo leo hospitali. Na tafadhali msimtie asali wala maji ya majani, hakuna tone linaloyeyusha mtoto wa jicho, mtamuachia kidonda bure. Ile ya "tusubiri liive kwanza" nayo ni ya zamani, likikomaa sana kutoa kunakuwa kugumu zaidi. Mtoto mchanga mwenye mboni nyeupe ndo kabisa msisubiri, ubongo wake unajifunza kuona sasa hivi.

Sasa kumshawishi. Bibi yetu kule Rombo alikataa miaka mitatu, kila tukimwambia anajibu "mjukuu wangu mi nimeshazeeka, hela hiyo somesheni watoto", sisi tukajua anaogopa kisu, kumbe anawaza nani atamkatia ng'ombe majani na huko wodini nani atamshika mkono kwenda choo, na hakuna aliyewahi kumuuliza!! Kwa hiyo muulize, halafu mpange kabisa nani anabaki na ng'ombe na nani analala naye. Kilichomtoa mwishowe ni mama mmoja wa kanisani aliyeshafanyiwa, alikuja akakaa naye jikoni mchana mzima wakimenya ndizi akamsimulia kila kitu. Mtafuteni mtu kama huyo, daktari hawezi kuongea vile. Na tuseme ukweli, babu akipofuka ng'ombe anauzwa, bibi anaambiwa asubiri mavuno. Hii inaniuma sana.

Hela: anzia zahanati upate rufaa. Moshi kuna hospitali ya KCMC yenye idara kubwa ya macho, na hospitali ya Mawenzi, walio Arusha waanzie hospitali ya Mount Meru. Kabla ya kusafiri uliza jumla yote, lenzi, dawa na kitanda vikiwa ndani, maana ukiuliza "operesheni bei gani" unatajiwa kipande. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo, sera ya serikali inampa msamaha, hivyo beba barua ya mtendaji wa kijiji na mkifika ulizia ofisi ya ustawi wa jamii kabla hamjalipa chochote. Nauli pigia ya watu wawili, na ya kurudi kliniki pia, hapo ndo wengi tunakwama. Kambi za macho zikija hutangazwa makanisani na misikitini, mwambie na mhudumu wa afya wa kijiji akukumbuke.

Apime sukari na presha huko huko kijijini mapema, zikiwa juu anaahirishwa na nauli imeenda. Aende na dawa zake zote. Kama ana kikohozi semeni, maana akikohoa katikati ya operesheni ni hatari. Aoge na kuosha nywele kabla, baadaye maji hayatakiwi machoni kwa muda.

Akirudi kuna matone ya wiki kama nne, mpeni mjukuu mmoja hiyo kazi na anawe mikono kila mara. Asisugue jicho, asibebe mkungu wala kuni, akae mbali na moshi wa jiko. Maumivu yakizidi, usaha ukitoka au kuona kukipungua, rudini siku hiyohiyo bila kusubiri tarehe ya kliniki. Na jicho la pili likiwa nalo lina ukungu, ombeni tarehe yake kabisa kabla hamjaondoka hospitali, kwa sababu akishaona kwa moja atawaambia linamtosha.